Mama Poli wa Stendi ya Zamani

Maisha ya marehemu Kunegunda Isidori Ngonyani
3 Machi 1950 – 12 Agosti 2025
Yamesomwa mazishini, Ruhuwiko, Songea, Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, na mjukuu wake, Agape

Baba Padre, wazee wetu shikamooni, na nanyi majirani mliokosa viti mkasimama huko nyuma juani, tunawashukuru. Huyu tunayemsindikiza leo alikuwa mtu wa kupokea wageni, na wengi wenu mlimpokea yeye.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Machi 1950, katika kijiji cha Likuyufusi, mtoto wa tatu wa Mzee Isidori Ngonyani, aliyekuwa seremala, na mkewe Asumpta. Mzee Isidori hakusumbuka kutafuta jina. Alikwenda misheni kuangalia kalenda, akakuta siku ile ni ya Mtakatifu Kunegunda, akarudi nyumbani nalo. Mama yake alilalamika kwamba jina lenyewe ni refu kuliko mtoto. Mzee akamjibu, "Atalikuta mbele, akikua."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959 katika shule ya misheni na kuishia la nne mwaka 1962, kwa kuwa shule yenye darasa la tano ilikuwa mbali na kaka zake wawili walikuwa tayari wanasomeshwa. Hakulalamika sana juu ya hilo. Alichopenda kusimulia ni safari yake ya kwanza ya kuja Songea mjini, akiwa na miaka kumi, nyuma ya baba yake aliyebeba viti viwili kichwani kwenda kumpelekea mteja. Njia nzima alihesabu nyumba za bati. Zilikuwa kumi na saba, na ya kumi na nane ilikuwa inaezekwa siku hiyo hiyo. Alisema mji ule ulikuwa mfupi, ukipiga chafya mwanzoni, anayekuombea afya yuko mwishoni. Wajukuu walipomwuliza mji ulikuwa unaishia wapi hasa, alisema, "Pale mtu wa mwisho alipochoka kujenga." Walipomwuliza sasa unaishia wapi, alicheka, akasema siku hizi hakuna anayechoka.

Jumamosi tarehe 7 Oktoba 1972 alifunga ndoa na Saimon Luambano, wakati huo akiwa utingo wa basi la Njombe, baadaye dereva. Bwana Saimon alimleta kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya stendi, ili basi likiunguruma asubuhi awe mtu wa kwanza kulisikia. Tarehe 23 Februari 1975 wakapata mtoto wa kiume. Kalenda ikaangaliwa tena, na mtoto akaitwa Polycarp. Mwaka 1979 akafuata binti, Lukresia. Kwa desturi yetu jina la mtoto wa kwanza hulifunika la mama yake, basi tangu siku ile hakuna aliyemwita tena Kunegunda isipokuwa Padre na karani wa zahanati. Alikuwa Mama Poli. Bwana Saimon alifariki kwa maradhi tarehe 2 Novemba 1988, na Mama Poli akabaki na watoto wawili na jiko.

Jiko hilo lilikuwa limewaka tangu mwaka 1977. Lilikuwa banda la mbao lililopakwa rangi ya bluu, lenye mabenchi matatu, na ndani yake kulikuwa na chai, chapati, maharage, ugali na dagaa wa Nyasa. Halikuwa na kibao. Makondakta ndio waliokuwa kibao. Msafiri akishuka anauliza pa kula, wanamwonyesha kwa kidevu: kwa Mama Poli. Mtu wa Mbinga akitaka kuonana na mtu wa Namtumbo, walikutana kwa Mama Poli. Barua ziliachwa pale, mizigo iliachwa pale, na mara moja, mwaka 1991, aliachwa pale bibi kizee mzima kwa siku mbili mpaka wanawe walipogundua kwamba kila mmoja alidhani mwenzake amemchukua. Mama Poli alimlisha na kumlaza kitandani kwake. Wanawe walipofika wakiwa na aibu usoni, aliwaambia, "Mzigo wenu huu hapa, haujavunjika."

Watoto wake walikulia katikati ya mabenchi hayo. Kisha habari za vito vya Tunduru zikaja mjini, na vijana wakaanza kuondoka na sururu. Polycarp aliondoka Jumamosi, tarehe 9 Machi 1996, akiwa na miaka ishirini na moja, juu ya lori, kwa sababu mvua zilikuwa zimeharibu njia na mabasi yalikuwa yanakwama siku tatu tatu. Lukresia alikuwepo na anakumbuka kila neno.

"Mama, usihame hapa," Polycarp alisema. "Nikirudi nakuja moja kwa moja."

"Nihamie wapi na masufuria haya?"

"Wewe niahidi tu."

"Nimekuahidi. Panda, wenzako wanakusubiri. Na ukipata jiwe lako usilionyeshe watu barabarani, unaongea sana wewe."

Barua moja ilifika, ya tarehe 20 Julai 1999, kutoka Nakapanya, huko huko Tunduru. Alisema hajapata jiwe la maana, anavuka Mto Ruvuma kwenda kujaribu upande wa Msumbiji, na kwamba hawezi kurudi mikono mitupu mbele ya mama yake. Baada ya hapo hakuna barua tena.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya pili ya marehemu, kazi ya kutohama. Kila mwaka alipaka banda lake rangi ile ile ya bluu. Wateja walimtania, "Mama Poli, hata kijani mara moja tu?" Yeye alisema mtoto akirudi amechoka asisumbuliwe na rangi. Alikataa banda kubwa zaidi lililokuwa upande wa pili wa stendi. Alikataa kwenda kuishi kijijini. Huku nyuma mji haukukaa kumsubiri yeyote. Lami ilifika, taa zikawaka, mashamba ya mihogo ya Bombambili yakawa nyumba. Barabara ya Tunduru iliyokuwa ikila siku tatu ikawa ya kuondoka asubuhi na kufika mchana. Mama Poli aliufurahia kuliko wote ujio wa lami hiyo. Alisema sasa Poli hana sababu ya kuchelewa.

Kisha stendi yenyewe ikahamishiwa nje ya mji, mahali paitwapo Shule ya Tanga. Ilikuwa kama kuondoa mto na kuwaachia watu daraja. Wauza maji wakafuata mabasi, wabeba mizigo wakafuata, na wenzake wa majiko wakafunga masufuria kwenye bajaji. Mahali palipokuwa pakipigiwa kelele tangu alfajiri pakawa pa kuanikia nguo. Lukresia alimfuata mara nyingi.

"Mama, watu wote wako kule sasa."

"Poli hakujui kule."

"Jana umeuza chai ngapi?"

"Mimi siuzi chai. Mimi nipo."

Alikaa hivyo na mabenchi matupu, na fundi viatu aliyekuwa kibarazani ng'ambo ya barabara, Mzee Abdulswamadu, ambaye ndiye aliyekuwa mteja na ndiye aliyekuwa kijiwe. Mwisho mwenye nyumba alitaka kubomoa vyumba na banda ili ajenge ghorofa la maduka. Hakumfanyia ubaya, alimpa miezi sita. Jumamosi tarehe 2 Januari 2021 marehemu alihamia hapa Ruhuwiko kwa binti yake, baada ya miaka arobaini na minane mahali pamoja.

Kabla ya kupanda gari alivuka barabara kwenda kwa fundi.

"Mzee Abdulswamadu, Poli akija mwambie nipo Ruhuwiko. Nyumba ya bati la kijani, iliyopakana na pagale."

"Inshallah. Na mimi nikifa je?"

"Usife kwanza, nimekupa kazi."

Lukresia akaandika namba yake ya simu ukutani, juu ya kiti cha fundi, kwa rangi nyeusi ya viatu, tarakimu kubwa za kusomeka kutoka barabarani.

Ndugu waombolezaji, mji haukumdhulumu mtu kwa makusudi. Uliendelea tu na shughuli zake. Mwaka uliofuata ukuta ule ulipakwa rangi ya matangazo, na namba ikafunikwa. Lile pagale la jirani lilimaliziwa, likawa nyumba nzuri yenye vioo na geti, na mabati ya kijani yakawa fasheni, ukasimama barabarani unaweza kuhesabu kumi na moja. Majirani waliojenga hapa walitoka Kagera, Mwanza, Moshi, Lindi, watumishi na wafanyabiashara, wanaotoka asubuhi na kurudi jioni. Hawakujua kulikuwa na Poli. Walimkuta bibi mwenye mjukuu, mimi Agape, wakamwita Bibi Agape. Naye aliitika. Lilikuwa jina zuri tu, la heshima, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba kuna mtu linaweza kumpoteza.

Polycarp alikuja Jumamosi, tarehe 17 Juni 2023.

Alishuka Shule ya Tanga akashangaa, akapanda bodaboda hadi stendi ya zamani, akakuta ghorofa. Mzee Abdulswamadu alimtambua kwa sauti kabla ya sura, akamshika mikono yote miwili, akampa maelekezo neno kwa neno kama alivyoachiwa: Ruhuwiko, bati la kijani, jirani na pagale. Polycarp akaja. Akatafuta pagale, hakuliona. Akagonga kwenye geti la nyumba ya vioo. Aliyemfungulia ni Mwalimu Rosemary, aliyekuwa amehamia hapa miezi mitano tu nyuma kutoka Bukoba, na yeye mwenyewe ametuomba tuseme jina lake wazi leo.

"Samahani dada, namtafuta Mama Poli."

"Mama Poli? Hapa hakuna mwenye jina hilo, kaka yangu. Jaribu mtaa wa juu."

"Mama mtu mzima. Alikuwa stendi."

"Huku stendi hakuna."

Alimpa maji, akanywa amesimama. Akaenda mtaa wa juu, akarudi mtaa wa chini, akauliza dukani na kwa kina mama wa kisimani. Ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa imefungwa, ni Jumamosi. Saa kumi akapita tena mbele ya geti la Mwalimu, akasema, "Nashukuru dada. Basi itakuwa alishafariki, ni mimi niliyechelewa." Akaondoka. Kesho yake asubuhi alipanda basi la Tunduru.

Wakati wote huo mama yake alikuwa uani, nyuma ya ukuta wa nyumba ya pili, anamenya mihogo.

Tuliyajua haya Alhamisi, tarehe 22 Juni, kwenye sala za jumuiya ya mtaa. Zamu ya maombi ilipofika kwake marehemu alisema kama alivyosema kila wiki kwa miaka ishirini na saba, "Tumwombee mwanangu Polycarp aliyekwenda Tunduru, arudi." Ilikuwa mara ya kwanza Mwalimu Rosemary kusali nasi. Aliinua kichwa.

"Bibi Agape, wewe una mtoto anaitwa Polycarp?"

"Ndiye wa kwanza. Mimi ni Mama Poli."

Mwalimu alishindwa kukaa, akashindwa na kusimama. "Mama," alisema, "Jumamosi alikuja kaka mmoja. Alikuwa anamwulizia Mama Poli."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hayupo."

Marehemu alikunja rozari yake mkononi, taratibu.

"Amekonda?"

"Kidogo, mama. Ana mvi hapa na hapa."

"Alikula?"

"Nilimpa maji."

"Ahsante kwa maji," alisema Mama Poli, na ndipo alipolia.

Lukresia alikimbia stendi ya zamani, akaenda kwa Mzee Abdulswamadu, ambaye alikuwa amekaa siku tano akiamini kwamba nyumbani kwetu kumechinjwa kuku. "Mimi nimejiambia, wameshaonana hao, ngoja washibe waje kunisalimia," alisema, kisha akafunga boksi lake la rangi na hakushona kiatu kingine siku hiyo. Tulituma habari Tunduru na Nakapanya kwa makondakta. Jibu lililorudi ni kwamba mtu wa jina hilo alilala gesti usiku mmoja, akavuka tena mto.

Sasa tuwaambie marehemu alifanya nini baada ya hapo, maana wengi wenu mlihusika bila kujua sababu. Jumatatu iliyofuata, akiwa na miaka sabini na mitatu, alivaa kitenge chake cha kanisani, akachukua fimbo, akaanza kupiga hodi nyumba moja baada ya nyingine. Hakuruka nyumba ya Mwislamu wala ya Mlokole, wala yenye mbwa.

"Hodi humu. Mimi naitwa Mama Poli. Naishi pale. Mtu akimwulizia Mama Poli, ni mimi."

Baadhi yenu mlidhani anauza kitu. Mmoja alimwambia, "Bibi, leo hatununui." Akamjibu, "Na mimi leo siuzi, nataka unijue tu." Stumai, fundi cherehani, alimwuliza kama anagombea udiwani. Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Alipomaliza Ruhuwiko alianza upya, kwa sababu wapangaji walikuwa wamebadilika. Katika miaka miwili alizunguka mitaa hii mara nne. Kwa kuwa kila nyumba ilimjibu kwa kumtajia majina yake, yeye ndiye aliyekuwa akimwambia mtu wa Lindi kwamba nyumba ya tatu kuna mtu wa kwao, na ndiye aliyejua nani ana mgonjwa na nani amejifungua. Na marehemu hakumkasirikia Mwalimu Rosemary hata siku moja. Mwalimu alipokuja kupiga magoti, alimwinua. "Ungejuaje, mwanangu? Sikuwahi kukuambia jina langu." Kwangu mimi Agape, niliyelia kwamba jina langu ndilo lililomficha bibi yangu, alisema, "Nyamaza. Nimelivaa kwa kupenda."

Wakati wa baridi ya Julai 2024 alirudi kutoka kwenye mizunguko hiyo akiwa na kikohozi, na ilikuwa nimonia. Alipona nusu. Kuanzia Mei mwaka huu miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema moyo umechoka, umepanuka. Alilazwa mara mbili. Mara ya pili, tarehe 6 Agosti, nesi alipoandika jina kwenye kadi ya kitandani, marehemu alimwomba aongeze chini yake: Mama Poli. Nesi alimwambia nafasi haitoshi. Akasema, "Andika pembeni." Aliandika pembeni.

Jumatatu jioni alimwuliza Lukresia basi la Tunduru huwa linaingia saa ngapi. Lukresia alimwambia saa nane mchana. Akasema, "Basi la leo limeshaingia." Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Atazikwa hapa, safu ya mwisho, upande unaotazama Matogoro. Ndivyo alivyochagua mwenyewe, kwa sababu alisema mlima huo ndio kitu pekee ambacho hakuna aliyewahi kumwambia kitahamishwa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Polycarp na Lukresia. Wajukuu wawili, Agape na Brayson. Na mtaa mzima. Mbele ya jina la Lukresia tumeandika Ruhuwiko. Mbele ya jina la Polycarp hatukujua tuandike wapi.

Kwa hiyo maneno yaliyobaki ni yake. Mjomba, kama karatasi hii imekufikia, angalia tarehe. Ulipogonga geti lile tarehe 17 Juni 2023, mama yako alikuwa hai, ana afya, yuko hatua arobaini kutoka uliposimama. Hakufa kabla yako. Hukuchelewa. Ni sisi tuliokaa naye tukasahau kumtaja jina lake. Aliishi miaka miwili na zaidi baada ya siku hiyo, na alijua kwamba ulikuja. Hilo tunakuapia. Siku nyingine alikuwa anajisemea peke yake jikoni, "Lakini alikuja," na anatabasamu. Hakuulizia jiwe. Namba ya Lukresia iko nyuma ya ukurasa huu.

Mtaona Mwalimu Rosemary hayupo nasi kaburini, na wengine mmeanza kuulizana. Yuko Shule ya Tanga. Alikwenda tangu asubuhi na karatasi hizi mia mbili kwenye mfuko, anampa kila abiria wa basi la Tunduru, mmoja mmoja, na anawataka kabla hawajakaa walitamke jina, Mama Poli, yeye akisikia. Amesema hatarudi kabla hazijaisha.

Mama Poli apumzike. Kumsubiri Poli sasa ni zamu yetu.